Siku nane shamba Pemba kuusaka umri wa shangazi: huduma za shehia nilivyoziona mimi

Nianze na hukumu, mwenye haraka asije akamaliza bando lake bure. Ukienda shehia ya shamba Pemba kutafuta karatasi za mzee wako, huduma utaipata, tena bila ya kuombwa hata soda. Lakini nenda na siku za kutosha, na usiende msimu wa karafuu. Mie nilikwenda msimu wa karafuu.

Kazi yangu mwenyewe ni ya karatasi. Nina kibanda cha kutoa kopi, kuchapa na kupiga picha za paspoti huku Mwanakwerekwe, Unguja, kwa hiyo ukoo mzima unaamini kwamba hakuna fomu inayonishinda. Kaka zangu walipouliza nani aende Pemba kumshughulikia shangazi, macho yote yalinigeukia mimi.

Shida ilikuwa hii. Shangazi, dada yake marehemu baba, hapokei pencheni jamii, ile ya wazee waliotimiza miaka 70. Ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Wenziwe aliocheza nao kibe wanapokea, tena wadogo zake wapo wanaopokea. Yeye kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi kinasema kazaliwa tarehe mosi Januari 1960. Tarehe mosi Januari, ukiviamini vitambulisho, walizaliwa wazee wengi mno wa Pemba. Sijui wakunga wa siku ile walilala saa ngapi. Nilipomuuliza mwaka huo ulitoka wapi, aliniambia kijana aliyekuwa akijaza fomu alimuuliza, yeye akasema hajui, kijana akamtazama usoni kidogo kisha akaandika.

"Na siku ile nilikuwa nimetia wanja," akasema.

Safari siirefushi. Boti kutoka Malindi ya Unguja hadi bandari ya Mkoani, Pemba, ilichelewa kuondoka kwa saa nzima na hakuna aliyetwambia kwa nini. Tulipoiacha Nungwi nyuma bahari ikaanza kazi yake, mifuko ikagaiwa. Mkoani nikapanda gari namba 603 hadi Chake Chake, Chake nikapanda 606 hadi Wete kwa barabara ya zamani yenye kona zake. Gari za Pemba nazipa alama nzuri. Mtu akipanda anatoa salamu na gari zima linaitikia, na utingo alinishikia mkoba wangu wa mashine kama yai. Kasoro ni nafasi tu. Mguuni kwangu palikuwa na gunia la makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, na juu ya gunia mtoto wa mtu. Njia nzima pembezoni majamvi ya karafuu yameanikwa, nyekundu zinageuka kuwa nyeusi, na harufu ile inaingia dirishani hata ukifumba macho unajua uko wapi. Wete nikachukua honda, yaani pikipiki, ya kuniingiza ndani shamba.

Kwa wasomaji wa Bara: shehia ndiyo serikali ya chini kabisa kwetu Zanzibar. Sheha hapigiwi kura, huteuliwa. Bila ya barua yake hufungui akaunti benki, huuzi kiwanja, hubadilishi kitambulisho. Siasa za masheha sisi Wapemba tunazijua na sizifukui hapa, leo nazungumzia barua tu.

Sheha wetu nilimkuta kwake baada ya sala ya alasiri, anageuza karafuu kwenye jamvi kwa mguu. Nikapiga hodi, nikamwamkia, nikaanza kumweleza habari ya fomu. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Kwanza wewe wa nani?"

Nikamtajia baba, nikamtajia babu. Akaacha karafuu, akakaa barazani.

"Babu yako ndiye aliyemsomesha baba yangu Juzuu Amma. Haya, sema sasa."

Hapo ndipo huduma ilipoanza, na ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema ofisi za shamba hazina utaratibu. Utaratibu upo, ila hauanzi na fomu. Alinieleza vizuri kuliko nilivyowahi kuelezwa mjini: anaweza kuandika barua kuwa shangazi ni mkaazi wake na anamjua, lakini mwaka wa kuzaliwa haubuni yeye. Nimletee wazee wawili waliomzidi shangazi umri au walio rika lake, waseme wanachokijua mbele yake. Na kama kuna maandishi yoyote ya zamani, nayo niyalete.

Wazee kuwapata si shida. Kuwapata wamekaa ndiyo shida. Msimu ukiiva kila mkono una kazi. Vijana wako juu ya mikarafuu tangu alfajiri, na wazee jioni wanachambua. Karafuu huteremshwa na vikonyo vyake, zikachambuliwa makonyo upande wake na karafuu upande wake, zikapimwa kwa pishi mchumaji akajua chake, ndipo zianikwe, na zikikauka zipelekwe kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Basi nami nikakaa nikachambua. Usiku tatu mfululizo, chini ya taa, vidole vyangu vilivyozoea karatasi laini vikawa vyeusi na vinanuka hadi kwenye chai. Mahojiano yote niliyafanya hivyo, na nakwambia usimsumbue mzee wa Pemba kwa maswali mikono yake ikiwa mitupu. Anakuwa kama yuko mahakamani. Mpe karafuu mkononi, mwenyewe ataanza.

Aliyeanza ni jirani yetu, bibi mmoja mwenye kicheko cha kukohoa. Hakuna aliyemuuliza mwaka. Alikuwa akisimulia habari za mwalimu wao wa chuoni, yaani madrasa, mkali huyo, hana siku ya mapumziko, isipokuwa siku moja tu aliwafungulia asubuhi, mkeka haujapata moto. "Siku ile ilipokuja habari kuwa Seyyid Khalifa kafa. Tukafurahi sie watoto, hatujui msiba. Shangazi yako huyu akaruka ruka, mwalimu akamrejesha peke yake akamtia bakora."

Seyyid Khalifa bin Haroub, Sultani wa Zanzibar, alitawala tangu 1911 na alifariki Oktoba 1960. Mtoto aliyezaliwa Januari 1960 angekuwa na miezi tisa. Miezi tisa huruki, na mwalimu hakutii bakora.

Usiku wa pili mzee mwengine akatoa lake. Mdogo wake shangazi anayemfuata, marehemu sasa, alizaliwa mwaka wa uchaguzi wa mwanzo. Alikumbuka kwa sababu baba yao alitoka alfajiri kwenda kupiga kura na aliporudi akakuta mtoto wa kiume ndani, na kwa miaka watoto wa mtaani walimtania yule ndugu kwa jina la "Kura". Uchaguzi wa mwanzo Zanzibar ulikuwa Julai 1957. Basi shangazi, aliyemtangulia na aliyembeba mgongoni, kazaliwa kabla ya hapo. Kabla kwa miaka mingapi? Hapo kila mtu akawa na hesabu yake, na zogo likawa kubwa mpaka karafuu na makonyo zikachanganyika tena.

Mie nikauliza, hivi babu hakuandika popote? Shangazi akanitazama kama mtu aliyeulizwa mlango wa nyumba yake uko wapi.

"Kwenye Msahafu."

Siku tatu nipo! Siku tatu nachambua karafuu za watu! Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema nilimuuliza cheti, sikumuuliza Msahafu.

Ulikuwa ndani ya sanduku, umefungwa kwa kanga kuukuu. Ukurasa wa mwisho mtupu babu ameandika watoto wake wote, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, wino umekuwa rangi ya chai. Mstari wa shangazi unasomeka: jina lake, binti yangu, amezaliwa Mfunguo Sita (mwezi wa Maulidi), usiku wa kuamkia Ijumaa, sanat elfu moja na… babu aliandika kwa tarakimu. Moja, tatu, halafu tundu la mchwa, halafu nne.

Mchwa kapita palepale. Kala tarakimu moja tu, kashiba, kaondoka zake.

Nililala na hesabu ile. Mwaka ni elfu moja mia tatu na kitu na nne, wa Hijria. Ukitia sita, 1364, Mfunguo Sita wake unaangukia mwanzoni mwa 1945. Basi shangazi angekuwa mkubwa kwa baba yangu, na baba karatasi zake za ualimu zinasema 1950, na kila mtu pale anajua baba ndiye kaka mkubwa. Ukitia nane, 1384, unaangukia Julai 1964, baada ya Mapinduzi. Basi Seyyid Khalifa kafa miaka minne nyuma yake na "Kura" ni mkubwa wake. Inabaki saba tu: 1374. Mfunguo Sita wa mwaka ule ulianza mwisho wa Oktoba 1954. Kikaratasi chenye tundu kinasimama kwa sababu bibi wa kicheko cha kukohoa anakumbuka bakora.

Sheha alipoisikia hesabu hiyo alinirejesha niirudie mara mbili, kisha akacheka, kisha akaandika barua. Mashahidi wawili, majina, sahihi za dole gumba. Muhuri anauweka kwenye kopo la maziwa ya unga. Kidau cha wino kilikuwa kimekauka kabisa, nikamtolea changu kutoka mkobani nikamwachia. Gharama ya huduma nzima: sifuri. Nyota tano, na kama kuna ya sita aigaie serikali impe wino.

Ilikuwa Ijumaa, ofisi za wilaya hadi Jumatatu. Siku ya Jumamosi nikajipa mapumziko ya kwenda Mtambwe Mkuu, penye mji wa kale, na hii naiandika kwa anayefikiria kwenda, maana ni huduma pia, japo ya kienyeji.

Unaweza kwenda kwa chombo kutoka bandari ya Wete, au kwa honda kwa barabara ya Bahanasa–Daya–Mtambwe. Mie nilichukua honda. Nenda bamvua, wakati maji yamekupwa sana. Kwetu hiyo ni kama saa nne, saa tano za asubuhi, na utavuka kwa miguu kati ya mikoko. Vua viatu. Kuna tope linalokushika hadi goti, na kijana aliyekuwa akiniongoza alikuwa anatembea juu yake kama kuku, mie nazama. Usichelewe kurudi, maji hayakusubiri.

Ukifika, ukitarajia magofu ya kupiga picha utavunjika moyo. Ni makaburi ya mawe, vipande vya kuta, miche ya muhogo, na vigae ukikanyaga vinalia. Hakuna kibao wala bango la maelezo. Lakini hapa palikuwa mji tangu zaidi ya miaka 900 nyuma, na Yaqut al-Hamawi, aliyefariki 1229, aliutaja alipoandika habari za kisiwa cha kijani, yaani Pemba. Mwaka 1984 wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta hapa akiba ya sarafu, zaidi ya 2,000 za fedha, ndogo kama kucha ya kidole, na chache za dhahabu. Zile za fedha zina majina ya watawala wa hapa hapa mwambao, kama Ali bin al-Hasan, lakini mwaka hazina. Za dhahabu zilikuwa dinari za Kifatimiya kutoka mbali huko, nazo zina mwaka. Kwa hizo za wageni ndipo ikajulikana kuwa akiba ile ni ya karne ya 11 hivi. Nilikaa kwenye kivuli cha mbuyu nikamweleza kijana wangu habari hii, na ile ya tundu la mchwa, akasema, "Kumbe na wafalme walikosa cheti."

Kijana nampa nyota nne. Moja nimeikata kwa sababu bei tuliyoafikiana kabla ya tope na baada ya tope ilikuwa tofauti. Tuliporudi Mtambwe Nyali tukapita kwenye kaburi la Maalim Seif Sharif Hamad, aliyezikwa huko Februari 2021. Tulikuta watu wamesimama wanamwombea dua, nasi tukasimama.

Jumatatu sasa. Ofisi ya wilaya siitaji, na dirisha silitaji. Nilifika saa mbili, nikaitwa saa tano. Aliyeipokea barua alisoma mstari wa kwanza, akanirejeshea. Barua haina namba ya kitambulisho. Nikamwambia namba si hii hapa, kwenye kopi iliyobanwa nyuma? Akasema namba iwe ndani ya barua. Kazi yangu ni hii, wateja wangu wanarudishwa kila siku kwa mambo kama haya na huwa nawacheka kidogo moyoni. Siku ile nilijicheka mwenyewe njia nzima, honda kwenda, honda kurudi, sheha kaandika namba kwa mkono na kugonga muhuri juu yake, wino mbichi.

Jumanne nilipata afisa mwengine, mwanamke, na huyu ndiye angepaswa kukaa dirisha la mbele. Aliusoma Msahafu kwa macho bila ya kuugusa hadi alipotia udhu. Nilipenda. Akasema maandishi haya apate kuyathibitisha mtu wa ofisi ya kadhi, tusomewe na tuandikiwe kwa Kiswahili cha herufi za kawaida. Tukavuka huko, na sheikh aliyetusomea alikaa na ile tundu muda mrefu, analielekeza dirishani, analirudisha. Akasema, hii saba, mkia wake mmoja umebaki. Sisi wote tulikuwa hatujauona ule mkia. Mie mwenye kibanda cha kopi!

Shangazi alitakiwa apigwe picha mpya. Asubuhi ile nilimwomba asitie wanja, nikamkumbusha yaliyompata. Alitia. Akaniambia amekwenda kuthibitisha mwaka, hakwenda kuthibitisha uzee.

Mengine kwa ufupi. Umeme shehiani mzuri kuliko kwangu mjini. Tangu waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipofika 2010 watu wamesahau zile enzi za majenereta ya Wesha, na shangazi ananunua tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa simu ya mjukuu. Maji ya mfereji siku yapo, siku hayapo, kisima cha msikitini ndicho tegemeo. Wakala wa pesa yupo mmoja, mwaminifu, ila karafuu zikinunuliwa salio lake linakwisha kabla ya adhuhuri. Kituo cha afya kimoja tulichompeleka shangazi kwa presha kilitupokea kwa heshima na hatukulipa chochote, muuguzi alimpima mara mbili kwa sababu ya mara ya kwanza hakuiamini. Lakini vidonge hakuna, tukaandikiwa tukanunue Wete, na kwa bibi asiye na mpwa wa mjini sijui hivyo vidonge vinakwendewa na nani. Hapo nyota mbili, na zote mbili ni za yule muuguzi.

Jambo ambalo sikulitarajia: siku ya nne habari ilikuwa imeenea kuwa kuna mtoto wa fulani kutoka mjini anajua kuandika barua. Nikaandika barua sita kwenye baraza la shangazi. Mbili za pencheni, moja ya mpaka wa shamba la eka tatu, moja ya skuli, moja ya mume aliyeko Maskati, na moja mwenyewe aliniomba nisiisome tena baada ya kuiandika. Malipo: shelisheli, embe za boribo, na kuku mmoja niliyemwacha.

Wete nilipita kununua halua, kikapu kidogo cha ukili kwa kila kaka, ili wasiseme nilikwenda kutembea.

Ombi la shangazi limepokewa. Tumepewa kikaratasi chenye namba, tumeambiwa tungoje tutapigiwa simu, na hii ni wiki ya tatu. Nilitaka kukitia kava la plastiki nije nacho Unguja. Alikataa, akakikunja mara nne akakiweka ndani ya Msahafu, ukurasa ule ule wa babu. Alhamisi namtumia dawa ya mchwa kwa boti.